Bei ya Mafuta Ikianguka, Kampuni Husubiri. Kibarua Je?

Tarehe 26 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki alitangaza kwamba mafuta yamepatikana Turkana. Kisima kiliitwa Ngamia-1, na kampuni ilikuwa Tullow Oil. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Mwalimu alituambia ati tukimaliza shule tutapata Kenya imekuwa kama Dubai. Darasa zima tukapiga makofi. Sasa nimemaliza shule, nimemaliza na chuo, na hiyo Dubai bado naiona kwa simu tu.

Ukiuliza watu kilichotokea, wengi watakwambia neno moja: "Wamekula." Sitaki kubishana na mtu leo. Lakini kuna sehemu ya hii hadithi ambayo huwa tunairuka, nayo ni bei.

Siku Kibaki anatoa hiyo habari, pipa moja la mafuta ghafi lilikuwa zaidi ya dola 120 kwenye soko la dunia. Kwa bei hiyo, kila mtu ni tajiri kwenye karatasi. Mafuta ya Turkana yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, na kuyafikisha Lamu kunahitaji bomba la zaidi ya kilomita 800. Hesabu ya kazi kama hiyo inakubali bei ikiwa juu. Ikishuka, inakataa.

Basi Lokichar ikachangamka. Watu walijenga lojing'i na nyumba za kukodisha, wengine wakachukua mikopo wanunue pickup za kukodisha kwa kampuni. Vijana wakatafuta kazi za ulinzi, udereva, upishi na vibarua kambini. Oktoba 2013 wenyeji waliandamana wakidai kazi na kandarasi zaidi, mpaka Tullow ikasimamisha shughuli kwa muda. Swali la wakati huo lilikuwa nani atapata. Hakuna aliyeuliza bei ikianguka itakuwaje.

Na ikaanguka kweli. Juni 2014 pipa lilikuwa karibu dola 115. Marekani ilikuwa inamwaga sokoni mafuta mengi ya kupasua miamba. Novemba 27 mwaka huo, nchi za OPEC zilikutana Vienna na zikakataa kupunguza uzalishaji. Januari 2016, pipa lilikuwa chini ya dola 30.

Hapa ndipo nataka ukae na mimi kidogo, kwa sababu kampuni ya mafuta ina ngazi yake ya kujiokoa, na inaishuka hatua kwa hatua.

Kwanza inaacha kutafuta visima vipya. Kisima kinachozalisha kinaleta pesa leo, kile cha kutafuta kinakula pesa leo. Pili, inawanyima wenye hisa mgao wa faida. Tullow ilifanya hivyo mapema 2015. Tatu, inapunguza watu. Nne, inaomba pesa: mwaka 2017 Tullow iliuza hisa mpya kwa wawekezaji wake ikachangisha kama dola milioni 750. Tano, inauza mali. Mwaka 2020 iliuza sehemu yake yote ya Uganda kwa Total kwa dola milioni 575.

Hizo hatua zote zinanunua kitu kimoja, muda. Mafuta hayaozi ardhini. Yamekaa huko mamilioni ya miaka, mingine mitano si neno. Kampuni inaweza kusubiri.

Sasa geuka uangalie mlinzi wa kambi. Mara nyingi yeye hata hajaandikwa na kampuni ya mafuta. Ameandikwa na mwanakandarasi, ambaye naye ameajiriwa na mwanakandarasi mwingine. Mtambo wa kuchimba ukiegeshwa, kandarasi haiongezwi na yeye anaambiwa aende nyumbani. Kwenye ripoti ya kampuni London, huyo mtu hata hahesabiwi kama amefutwa, maana hakuwa wao. Na aliyenunua pickup kwa mkopo? Benki haijui mambo ya OPEC. Inajua tu tarehe ya kulipa imefika.

Usidhani haya ni ya Turkana peke yake. Houston, Texas, waliyaona kabla sisi hatujazaliwa. Mwisho wa 1981, Marekani ilikuwa na mitambo 4,530 inayochimba. Kufika Julai 1986, baada ya pipa kushuka mpaka karibu dola 10, ilikuwa imebaki 663. Kati ya 1982 na 1987 Houston ilipoteza kazi zaidi ya 200,000. Watu walishindwa kulipia nyumba, benki zikazichukua. Halafu benki zenyewe zikaanguka: kati ya kampuni kumi kubwa za benki za Texas, tisa zilifilisika au zikamezwa na wengine. Unaona? Hata aliyekuja kunyakua nyumba naye alinyakuliwa.

Lakini Houston iliinuka. Jiji lilikuwa na bandari, vyuo, hospitali kubwa za utafiti na kituo cha NASA. Fundi wa kuchomelea aliyeachishwa alikuwa na mahali pengine pa kubisha hodi. Waliobaki na mafuta tu ndio waliteseka muda mrefu. Kampuni nazo zililipa baadaye, kwa sababu vijana waliona baba zao wakitupwa nje, wakakataa kusomea mafuta. Bei ilipopanda tena miaka ya 2000, kampuni zikajikuta na wazee wanaokaribia kustaafu na pengo kubwa katikati. Ukimfukuza fundi leo, siku ukimtaka utampata anafanya kazi nyingine.

Rudi nyumbani sasa. Juni 2018 Uhuru alizindua malori ya kubeba mafuta kutoka Turkana hadi Mombasa. Hata mwezi haujaisha, wakazi wakafunga barabara wakidai usalama. Agosti 2019 meli ya kwanza iliondoka na mapipa 240,000. Tulisherehekea. Baadaye mwaka huo mvua iliharibu barabara, malori yakasimama. Desemba mkurugenzi mkuu wa Tullow akaondoka, na hisa zake zikapoteza zaidi ya nusu ya thamani kwa siku moja. Halafu 2020 ikaja na Covid. Tarehe 20 Aprili, mafuta ya Marekani yaliuzwa chini ya sifuri, yaani muuzaji anamlipa mnunuzi ayatoe. Tullow ilipunguza karibu thuluthi moja ya wafanyakazi wake mwaka huo. Mei 2023 Total na Africa Oil wakajitoa Turkana. Na 2025 Tullow yenyewe ikakubali kuuza biashara yake ya Kenya kwa Gulf Energy, kwa angalau dola milioni 120.

Kila mmoja alipata mlango wa kutokea. Mwenye lojing'i Lokichar hawezi kuihamisha.

Sasa tunaambiwa mafuta yanaanza tena, safari hii kweli. Mimi sipingi. Lakini ndugu yangu wa Turkana, na wewe wa Eldoret unayepanga kununua lori, tuulize maswali ya kuanguka wakati bei bado iko juu.

Mkataba wako unasema nini kazi ikisimama ghafla? Mkopo wako unaisha kabla ya kandarasi, au kandarasi inaisha kabla ya mkopo? Ukipata kazi kambini, omba ujifunze kitu unachoweza kubeba. Cheti cha umeme au cha kuchomelea kinafuata mtu, sare ya kampuni inabaki kambini. Anayejua mtambo wa kuchimba mafuta anaweza kwenda kwa visima vya mvuke Olkaria. Anayejua kufungua geti tu, atangoja geti lingine.

Na serikali nayo. Sheria ya Petroli ya 2019 inaipa kaunti asilimia 20 ya mgao wa serikali, na jamii asilimia 5. Tulipigania hizo asilimia miaka mingi. Lakini asilimia 5 ya bei iliyoanguka pia imeanguka. Norway walipitisha sheria ya mfuko wao wa akiba mwaka 1990, pesa za mafuta zikawekwa huko wakati mambo ni mazuri. Sisi hiyo hazina tumeizungumzia kwa miaka.

Wahenga walisema mtumai cha nduguye hufa maskini. Bei ya mafuta hata si ya ndugu. Ni ya soko, na soko halina undugu na mtu. Kwa hivyo siku wakija tena na kofia na fulana za uzinduzi, vaa, piga makofi, chukua kazi. Kisha jioni kaa chini upige hesabu ya siku ambayo pipa litakuwa dola 30.