Milango ya Datsun 240Z: Anza na maji, ngozi baadaye

Gari la zamani likipelekwa kwa fundi wa viti na milango imevimba kwa ndani, aghalabu dawa yake ni moja: ng'oa ngozi yote, tupa, wamba mpya. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe kwa gari ambalo si langu.

Mjomba wangu anakaa Upper Hill, Nairobi, katika moja ya zile nyumba za chini zenye ua ambazo sasa zimebanwa na maghorofa ya ofisi. Bandani ana Datsun 240Z. Ni gari lenye historia kwetu: mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally, na 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia, baada ya kufungana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine.

Nilimpelekea fundi mlango wa kushoto. Ukarudi unang'aa, bapa kama meza, mistari yote iliyopigwa kiwandani imepotea. Mjomba ana presha ya macho na anaona kwa shida. Alipapasa ule mlango akauliza, "Gari ya nani hii?" Sikuwa na jibu. Masika ilipopita, ubao ukavimba tena. Ile ngozi ya asili ilikuwa imekwenda na taka.

Ndipo nilipokaa kujifunza mlango wenyewe. Maji ya mvua hupita kando ya kioo na kuingia ndani ya mlango, na waliouunda walilijua hilo. Chini kuna matundu ya kuyatoa, na nyuma ya ubao kuna karatasi ya nailoni ya kuukinga. Fundi akitengeneza kioo huichana nailoni asiirudishe. Matundu nayo huziba kwa vumbi na majani. Ubao wenyewe ni hadibodi, nayo hunywa maji kama mkate. Basi ukiwamba ngozi mpya juu ya mlango wa namna hiyo, umevisha kanzu mtu aliyelowa.

Mlango wa kulia tuliufungua wenyewe, taratibu. Hendeli ya kupandishia kioo hushikwa na kibanio chembamba cha chuma nyuma yake. Pitisha kitambaa baina ya hendeli na ubao, ukivute huku na huku mpaka kikinase kibanio na kukitoa. Toa skrubu za mkono wa mlango. Ubao wenyewe umeshikwa ukingoni na vibanio vidogo. Bisibisi iliyofungwa kitambaa iingie karibu kabisa na kila kibanio, kwa sababu ukivuta katikati, hadibodi hukatika kwenye tundu na hapo kazi imekuwa mbili.

Kisha zibua matundu ya chini kwa waya, umwage kikombe cha maji kando ya kioo na uangalie yanakotokea. Yasipotoka, usiendelee. Yakitoka, weka nailoni nzito mpya kwa gundi ya utepe, ile nyeusi isiyokauka, na sehemu yake ya chini iingie ndani ya mlango ili maji yadondoke huko.

Ubao uliooza usiutupe. Huo ndio kiolezo. Uweke juu ya plaiwudi ya milimita 3, chora ukingo na kila tundu, kata, kisha paka vanishi pande zote mbili, na zaidi ukingoni na ndani ya matundu. Wengi hupaka uso tu.

Ngozi ya zamani ibandue kwa joto la draya ya nywele na kisu butu cha putti, kidole kwa kidole. Sisi ilituchukua alasiri nzima, tukasimama kwa swala na chai tu. Mpasuko utiwe kiraka cha kitambaa chembamba kwa nyuma, na gundi inayobaki laini. Uso uoshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni nyepesi na mswaki. Mafuta ya kung'arisha yaache; huvuta vumbi, na mkono huteleza. Kwetu Mombasa, ambako chumvi hula kila kitu, skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Ngozi ya mlango wa kulia ina nyufa mbili bado zinazoonekana. Mjomba alikaa, akaweka kiwiko pale alipokiweka miaka yote, akanyamaza kidogo, kisha akaagiza tufungue madirisha.

Wa kushoto haujaisha. Kiolezo cha kulia nimekigeuza na ubao uko tayari, umekauka. Kinachokosekana ni ngozi yenyewe. Mwenye 240Z iliyokufa uani kwake, asiitupe milango.