Bomba refu la sinki la bakuli

Bomba refu la sinki la bakuli ni bomba la bafuni linalosimama juu ya kaunta, kando ya sinki lililowekwa juu ya kaunta hiyo badala ya kuzamishwa ndani yake. Bakuli la aina hii huwa na kimo cha sentimita 12 hadi 15 hivi, kwa hiyo bomba la kawaida huwa fupi mno kwake. Bomba refu huwa na kimo cha takriban sentimita 30.

Kipimo cha kwanza si urefu wa bomba zima bali nafasi kati ya mdomo wake na ukingo wa bakuli: sentimita 10 hadi 15 zinatosha kunawa kwa raha. Nafasi hiyo ikizidi hapo, maji huanguka kwa kishindo na kumrukia anayenawa. Mdomo nao uelekeze maji karibu na tundu la kutolea maji. Yakigonga mteremko wa bakuli, hasa la kioo lisilo na kina, kaunta italowa kila siku.

Presha ya maji husahauliwa sana. Tangi lililo mita 3 juu ya bomba hutoa takriban bar 0.3 tu, ilhali mabomba mengi ya Ulaya ya kuchanganya maji moto na baridi hutaka bar 1. Mwenye tangi la paani, jambo la kawaida Dar es Salaam na Nairobi, atafute bomba la presha ndogo au afunge pampu.

Kwa kuwa urefu wa bomba hutegemea bakuli, sinki linunuliwe kwanza, bomba baadaye.