Jina Tezini: Mbao za Kuchongwa za Vyombo vya Tanga na Sheria za Karne ya 19

Katika makumbusho ya bahari, mbao za majina zilizobanduliwa kutoka merikebu za karne ya 19 kwa kawaida huwekwa pamoja na sanamu za omo na nakshi nyingine. Upangaji huo unaeleweka, kwani nyingi zilichongwa kwa ustadi na herufi zake kupakwa dhahabu. Hata hivyo, unaficha ukweli kwamba ubao wa jina ulikuwa pia hati ya kisheria. Makala hii inafuatilia jinsi hati hiyo ya mbao ilivyofikishwa kwenye majahazi ya pwani ya Afrika Mashariki.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1786 iliagiza jina la merikebu na bandari yake viandikwe tezini, yaani upande wa nyuma wa chombo, kwa herufi nyeupe au za manjano juu ya weusi, zenye kimo kisichopungua inchi 4. Marekani ilifuata mwaka 1792 kwa herufi nyeupe za inchi 3. Sheria zote mbili zilitaka rangi tu. Patasi ilikuwa hiari ya fundi na mwenye chombo, nayo ilikuwa na sababu yake. Rangi huliwa na jua na chumvi, bali herufi iliyochimbwa hubakiza mfereji wake, na baharia asiyejua kusoma aweza kuipaka upya bila kuikosea. Tena, jina lililochongwa halifutiki ila kwa randa, na randa huacha alama. Mwaka 1854 sheria ya Uingereza yenyewe ilikimbilia patasi: kila merikebu iliyosajiliwa ilipewa nambari rasmi, ikachongwa kwenye boriti yake kuu.

Merikebu za Salem, Massachusetts, zilizoleta Zanzibar nguo za merikani na kurudi na pembe za ndovu na sandarusi, zilitia nanga zikiwa na majina tezini kwa agizo lile la 1792. Biashara hiyo ilipata nguvu zaidi kwa mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said na Marekani. Majahazi yaliyolala kando yao hayakukosa nakshi. Tezi la baghala lilichongwa kwa ufundi usiopungua ule wa Wamarekani. Kilichokosekana ni sharti la dola la kukitambulisha chombo kwa maandishi.

Sharti hilo lililetwa na Mkataba Mkuu wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliokusudia kukomesha biashara ya watumwa. Katika eneo la bahari lililoanzia Baluchistan hadi karibu na Quelimane, pamoja na Madagaska, vyombo vya wenyeji vilitakiwa kuwa na jina na kipimo cha tani vilivyochimbwa na kupakwa rangi tezini, tena kwa herufi za Kilatini. Herufi za mwanzo za bandari ya usajili zilipaswa kuandikwa kwa rangi nyeusi kwenye tanga.

Lengo la mkataba halina ubishi. Lakini uchaguzi wa hati unadai kuchunguzwa. Manahodha na wafanyabiashara wa pwani waliandika Kiswahili na Kiarabu kwa herufi za Kiarabu; hati zao za mali na barua zao ziliandikwa hivyo. Mkataba haukuuliza iwapo mwenye chombo ataweza kulisoma jina la chombo chake. Msomaji aliyekusudiwa alikuwa afisa wa manowari mwenye darubini.

Wala ubao haukutosha kumaliza mzozo, maana jina halikueleza chombo kiko chini ya himaya ya nani. Majahazi ya Wasuri wa Oman yaliyopeperusha bendera ya Ufaransa yaliifikisha Uingereza na Ufaransa mbele ya Mahakama ya Usuluhishi ya The Hague, iliyotoa uamuzi mwaka 1905.

Kwa taasisi za kanda zinazotunza mabaki ya majahazi, jambo hili lina athari za kiutendaji. Ubao wenye herufi za Kilatini na tarakimu za tani usiorodheshwe kama kipande cha nakshi, kando ya milango ya kuchongwa. Daftari la makumbusho linapaswa kunakili hati iliyotumika, kina cha herufi, tabaka za rangi, alama za randa chini ya jina la sasa, na upande wa nyuma wa ubao, ambao wapiga picha wengi huuacha.