Kipenyo cha risasi na mtutu

Kipenyo cha risasi na mtutu ni suala la kulinganisha unene wa kichwa cha risasi na upana wa tundu la bunduki, jambo ambalo wanaojijazia risasi hulipima kabla ya kugusa baruti. Mtutu wenye mifereji una vipimo viwili: kutoka tuta (sehemu iliyoinuka kati ya mifereji) hadi tuta, na kutoka mfereji hadi mfereji. Kichwa hufuata kipimo cha pili, ili kikamate mifereji na kuzungushwa.

Jina la kaliba halitoshi, na mara nyingine linadanganya. Risasi ya .303 ya Uingereza, iliyotumiwa pia na askari wa KAR (King's African Rifles) katika Afrika Mashariki, imepewa jina kwa kipimo cha matuta; kichwa chake ni takriban inchi 0.311 hadi 0.312. Ile ya .38 Special ina kichwa cha inchi 0.357 tu. Ujerumani ilizidisha utata: kichwa cha risasi yake ya 1888 kilikuwa na takriban milimita 8.1, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 kikaja kingine cha milimita 8.2. Kukisukuma hicho kinene katika mtutu wa zamani hupandisha shinikizo kufikia kiwango cha hatari.

Kichwa chembamba mno huvujisha gesi na kupoteza shabaha. Kwa vichwa vya kusubu vya madini laini ya risasi, desturi ni kuzidisha inchi 0.001 juu ya kipimo cha mifereji. Mtutu wenyewe hupimwa kwa kupitisha kipande cha madini hayo laini ndani yake, bunduki ikiwa tupu, kisha kukipima kwa maikromita.