Upekuzi na usajili wa hati za ardhi Dar es Salaam

Upekuzi wa hati za ardhi ni uchunguzi wa kumbukumbu rasmi unaofanywa ili kujua kiwanja au nyumba ni mali ya nani, inamilikiwa kwa masharti gani, na kama ina deni au zuio. Usajili wa hati ni kuandikisha umiliki, au mabadiliko ya umiliki, katika daftari la serikali. Katika Tanzania Bara daftari hilo linatunzwa na Msajili wa Hati, aliye chini ya wizara inayoshughulikia ardhi.

Jijini Dar es Salaam kazi hizi zina ugumu wake, kwa sababu sehemu kubwa ya makazi ilijengwa kabla ya ardhi kupimwa. Kata ya Buguruni, katika Wilaya ya Ilala, ni mfano mzuri. Huko kumbukumbu za nyumba ziko mahali pawili: katika ofisi za ardhi, na katika karatasi za mauziano zilizoshuhudiwa na viongozi wa mtaa na majirani. Mnunuzi anayechunguza upande mmoja tu anaweza kupoteza fedha zake. Vilevile, familia inayotegemea karatasi ya mtaa peke yake inaweza kujikuta haina uthibitisho wa kutosha siku nyumba yake inapogombewa.

Historia

Wakati wa ukoloni wa Kijerumani, amri ya mwaka 1895 ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walitunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyoifanya ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya mamlaka ya gavana. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 1953, ambayo sasa ni Sura ya 334, ndiyo msingi wa daftari la hati hadi leo.

Baada ya uhuru, umiliki wa ardhi usio na kikomo ulifutwa mwaka 1963. Mwaka 1969 upangaji wa ardhi ya serikali uligeuzwa kuwa haki ya kumiliki ardhi kwa muda maalumu. Mwaka 1991 iliundwa Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, mwenyekiti wake akiwa Profesa Issa Shivji. Sera ya Taifa ya Ardhi ilitolewa mwaka 1995, ikafuatwa na Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001.

Viwanja vilivyopimwa na wakoloni kwa ajili ya Waafrika mjini Dar es Salaam vilikuwa hasa Kariakoo na Ilala, na baadaye Magomeni na Temeke. Buguruni ilikuwa nje ya mji uliopangwa. Watu walipata sehemu za kujenga kwa wenye mashamba, wakalipa na kukubaliana mbele ya mashahidi. Kwa desturi ya Pwani, ardhi na minazi iliyo juu yake vinaweza kuwa na wenyewe tofauti, hivyo makubaliano ya zamani yalitaja mara nyingine nani anauza shamba na nani anauza miti. Mji ulipopanuka, nyumba za Buguruni zilijikuta karibu kabisa na katikati ya jiji, lakini nyingi zikiwa hazina hati.

Aina za kumbukumbu

Kumbukumbu zinazoweza kukutwa Buguruni na katika kata zinazofanana nayo ni hizi:

Hatimiliki. Hutolewa kwa kiwanja kilichopimwa na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Muda wake hauzidi miaka 99. Hati nyingi ni za miaka 33, 66 au 99. Mwenye hati hulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka na kutakiwa kufuata masharti ya matumizi ya kiwanja.

Barua ya toleo. Ni barua ya serikali inayompa mtu kiwanja kabla ya hati kutayarishwa. Wapo waliokaa na barua hiyo kwa miaka mingi bila kukamilisha hati.

Leseni ya makazi. Imewekwa na Sheria ya Ardhi kwa ajili ya wakazi wa maeneo ya mjini yasiyopimwa. Awali muda wake haukuzidi miaka 2, na baadaye uliongezwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, manispaa za Dar es Salaam zilitambua nyumba katika makazi hayo, zikazipa namba na kutoa leseni. Leseni ni haki ya muda, isipohuishwa inakwisha.

Mkataba wa mauziano wa mtaa. Ni karatasi yenye majina ya muuzaji na mnunuzi, bei, ukubwa wa eneo, majirani wa pande nne, saini za mashahidi na mhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi za zamani zilishuhudiwa na mjumbe wa nyumba kumi.

Karatasi ya mtaa ni ushahidi kwamba watu fulani walikubaliana siku fulani. Haithibitishi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza. Hata hivyo si karatasi bure. Katika kesi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1994 kwamba haki ya kutumia ardhi kwa mujibu wa mila ni mali inayolindwa na Katiba, hata kama haina hati.

Hatua za upekuzi

Kwa kiwanja chenye hati, mwombaji hupeleka maombi katika ofisi ya Msajili wa Hati akitaja namba ya hati, namba ya kiwanja, kitalu na eneo, kisha hulipa ada. Tangu mwaka 2020 zimefunguliwa ofisi za ardhi katika mikoa yote, na huduma hiyo hupatikana huko. Kumbukumbu zimeanza pia kuhamishiwa kwenye mfumo wa kompyuta.

Majibu ya upekuzi hueleza jina la mmiliki aliyesajiliwa, muda wa hati, rehani iliyowekwa benki au kwa mkopeshaji mwingine, na zuio lolote, ambalo mawakili huliita kaveati. Majibu hayo huonyesha hali ya daftari kwa siku ile tu. Mnunuzi aliyepekua mwezi Januari na kulipa mwezi Juni hajui kilichoandikwa katikati. Kwa hiyo inashauriwa upekuzi urudiwe siku chache kabla ya malipo.

Upekuzi wa daftari hauonyeshi kila kitu. Ramani ya upimaji na mawe ya mipaka, maarufu kama bikoni, hukaguliwa kiwanjani pamoja na mpimaji. Risiti za kodi ya pango huonyesha kama kuna malimbikizo. Buguruni imepakana na kupitiwa na njia kubwa, zikiwemo Barabara ya Uhuru, Barabara ya Mandela na Reli ya Kati, hivyo ni lazima kuuliza kama nyumba imo ndani ya hifadhi ya barabara au ya reli. Nyumba iliyo ndani ya hifadhi inaweza kubomolewa.

Kwa nyumba isiyo na hati, upekuzi hufanyika kwa miguu na kwa maswali. Ofisi ya serikali ya mtaa huulizwa kama inamtambua muuzaji na kama kuna mgogoro. Majirani wa pande nne huulizwa mpaka ulipo. Wapangaji huulizwa kodi wanamlipa nani. Mkataba ambao muuzaji mwenyewe alinunulia nao husomwa pia, na ikiwezekana mashahidi wake hutafutwa. Jibu la mpangaji mara nyingine huwa la maana kuliko mhuri, kwani linaweza kufichua kwamba nyumba ina ndugu watano na anayeuza ni mmoja wao.

Usajili wa mauziano

Mauziano ya kiwanja chenye hati hufanywa kwa mkataba ulioshuhudiwa na wakili pamoja na fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, yaani taarifa ya uhamisho, maombi ya kibali na hati ya uhamisho yenyewe. Nyumba hufanyiwa uthamini, kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu hulipwa, kisha nyaraka hupelekwa kwa Msajili. Mnunuzi huwa mmiliki mbele ya daftari pale tu jina lake linapoandikwa. Kulipa bei yote na kukabidhiwa funguo hakutoshi, kwa sababu kabla ya usajili hati inaweza kuwekewa rehani au kuuzwa kwa mwingine.

Nyaraka zinazohusu ardhi isiyo na hati zinaweza kuandikishwa chini ya Sheria ya Usajili wa Nyaraka, Sura ya 117. Usajili huo huhifadhi nakala na tarehe ya waraka, lakini haumpi mtu hati.

Ndoa na mirathi

Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mume au mke haruhusiwi kuuza, kupangisha wala kuweka rehani nyumba ya familia wakati ndoa ipo bila ridhaa ya mwenzake, na mwenzake anaweza kulinda haki yake kwa kusajili zuio. Hivyo jina moja katika hati halimaanishi kwamba mtu mmoja anaweza kuamua.

Mmiliki anapofariki, anayeweza kuhamisha nyumba ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Familia nyingi huchelewa kufungua mirathi. Baba hufa, mama huendelea kukaa, watoto hugawana vyumba, na jina la marehemu hubaki kwenye leseni au mkataba kwa miaka mingi. Ugumu huonekana serikali inapotwaa eneo na kutafuta wa kulipa fidia, au ndugu mmoja anapouza kwa siri. Kwa wakati huo mashahidi wengi huwa wamekufa pia. Ndiyo maana ya methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari.

Migogoro

Baraza la kata hupatanisha. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, halina tena mamlaka ya kuamua mashauri ya ardhi. Likishindwa kupatanisha ndani ya siku 30, shauri huweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha kwa rufaa Mahakama Kuu. Madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12. Mahakama Kuu inaweza pia kuamuru daftari lirekebishwe, kwa mfano pale usajili ulipopatikana kwa udanganyifu.

Mahali pengine

Utaratibu wa kusajili haki yenyewe, badala ya kuhifadhi nyaraka tu, ulianzishwa na Robert Torrens huko Australia Kusini mwaka 1858 na ukaenea katika makoloni mengi ya Uingereza. Sehemu nyingi za Marekani bado hutunza nyaraka za mauziano, na mpekuzi hufuata mlolongo wa wauzaji hadi nyuma, karibu kama inavyofanyika kwa nyumba zisizo na hati Buguruni. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, kwa kuwa ardhi si jambo la Muungano. Kenya ilizindua mfumo wa intaneti uitwao Ardhisasa mwaka 2021.