Kuzikusanya Tafiti Nyingi Kuwa Kauli Moja: Mfano wa Kilwa na Pwani ya Lindi

Mtu atakaye kujua nasaba ya masultani wa Kilwa ilianza lini hupewa majibu mengi. Kitabu kina jibu lake, sarafu zina lao, vigae vilivyofukuliwa ardhini vina lao, na wazee wa pwani nao wana yao waliyoyapokea. Kila mtafiti aliyefika Kilwa Kisiwani aliwakuta wenzake wamekwisha tangulia, na kazi yake ikawa si kutafuta habari tu, bali kuamua jinsi habari zilizokwisha patikana zitakavyounganishwa. Shida iyo hiyo iliwakabili wataalamu wa elimu na saikolojia katika karne ya 20, nao wakaitungia hesabu. Hesabu hiyo huitwa metaanalisi, yaani uchambuzi wa chambuzi, na kanuni zake zikijaribiwa juu ya habari za Kilwa huonekana wazi nguvu yake na udhaifu wake.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1904 Karl Pearson wa London alikusanya takwimu za askari wa Kiingereza waliochanjwa homa ya matumbo katika Afrika ya Kusini na Bara Hindi, akazipima pamoja. Lakini jina lilitolewa na Gene V. Glass mwaka 1976, alipokuwa rais wa jumuiya ya watafiti wa elimu wa Marekani. Mwaka uliofuata Mary Lee Smith na Glass walichapisha matokeo ya tafiti 375 juu ya tiba ya nafsi kwa mazungumzo, wakaonyesha kwamba mgonjwa wa wastani aliyetibiwa alikuwa katika hali njema kuliko watu 75 katika kila 100 wasiotibiwa. Njia waliyoitumia ni nyepesi kueleza. Tofauti iliyopo baina ya wastani wa kundi lililofanyiwa jambo na wastani wa kundi lisilofanyiwa hugawanywa kwa kipimo cha mtawanyiko wa alama, ili mtihani wa alama 20 na mtihani wa alama 100 zipate lugha moja. Kisha hutafutwa wastani wa tofauti hizo zote. Siku hizi utafiti wenye watu wengi hupewa uzito zaidi.

Hans Eysenck, ambaye tangu 1952 alikuwa amekana kwamba tiba hiyo ina faida iliyothibitishwa, aliikejeli kazi hiyo mwaka 1978 kuwa ni upuuzi mkubwa. Kejeli zake zilipita kiasi, lakini swali lake halikuwa la upuuzi: je, tafiti mbovu zikijumlishwa na tafiti njema, na mambo yasiyofanana yakitiwa kapu moja, kinachotoka ni nini?

Kilwa yatoa jibu. Habari za kuanzishwa kwa usultani wake zimeandikwa mara tatu zilizo mashuhuri. João de Barros alizitia katika kitabu chake kilichochapishwa Ureno mwaka 1552, naye alizitoa katika tarehe ya wafalme wa Kilwa iliyowafikia Wareno baada ya kuuteka mji mwaka 1505. Pili ni kitabu cha Kiarabu kiitwacho Kitab al-Sulwa, kilichotungwa katika karne ya 16. Nakala yake ijulikanayo iliandikwa Unguja mwaka 1877, ikachapishwa na S. Arthur Strong mwaka 1895. Tatu ni habari za Kiswahili, ambazo Carl Velten alizichapisha mwaka 1907 pamoja na habari za Lindi, Sudi na Mikindani. Zote tatu zasema kwamba mgeni alikinunua kisiwa kwa nguo.

Basi, mtu wa kuhesabu tu atasema: mashahidi watatu, neno moja, kesi imekwisha. Lakini mashahidi hao si watatu. Barros na mwandishi wa Kiarabu walichota katika kisima kimoja, nacho ni masimulizi ya jumba la Kilwa, yaliyotunzwa na watu ambao haki yao ya kutawala ilisimama juu ya ununuzi huo. Habari za Kiswahili zilisimuliwa katika mji ule ule karne nne baadaye. Kanuni ya metaanalisi ni kali hapa: matokeo kumi yaliyotoka kwa wanafunzi wa darasa moja hayawi tafiti kumi. Kupatana kwa ndugu watatu kwathibitisha kwamba ni ndugu, hakuthibitishi zaidi. Penye kutofautiana ndipo penye manufaa. Kitabu cha Kiarabu chasema juu ya majahazi saba, baba na wana sita, kila mmoja akishuka mahali pake. Barros amtaja mwana mmoja, ambaye mamaye alikuwa mjakazi wa Kihabeshi, akidharauliwa na nduguze. Mtunzi wa habari za kifalme hana sababu ya kubuni aibu kama hiyo, na kwa hiyo jambo hilo dogo labda lina uzito kuliko nguo yote iliyozungushwa kisiwa.

Katika tarehe mgogoro ulikuwa mkubwa zaidi. G. S. P. Freeman-Grenville, katika kitabu chake cha mwaka 1962, aliihesabu miaka ya kila sultani kama ilivyoandikwa akapata 957 kuwa mwanzo wa nasaba. Neville Chittick, aliyefukua Kilwa katika miaka ya 1960 na kutoa taarifa yake kamili mwaka 1974, alitazama tabaka za udongo, vigae na sarafu za Ali bin al-Hasan, ambaye wengi humtambua kuwa ndiye mwanzilishi, akasema mambo hayo ni ya mwisho wa karne ya 12. Mtu akichukua 957 na 1200, wastani wake ni kama 1078. Mwaka 1984 ilipatikana Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingine zikiwa za Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari za dhahabu ambazo ya mwisho kati yake ni ya 1066. Kwa hiyo sultani huyo akarudishwa karne ya 11. Wastani ungalikaribia kweli! Lakini ungalikaribia kwa bahati tu, kwa maana hapana mtu aliyejua makosa ya pande mbili yataelemea wapi. Kilichokata shauri ni shahidi mpya asiyekijua kitabu. Tena yafaa kutenganisha maswali: watu waliishi Kilwa tangu mnamo mwaka 800, na anayeuliza mji ulianza lini haulizi usultani ulianza lini. Majibu ya maswali hayo mawili yamewahi kuchanganywa, na ubishi mwingi ulizaliwa hapo.

Shahidi mwingine wa namna hiyo alifika mwaka 2023, ilipochapishwa katika jarida la Nature taarifa ya chembe za urithi za watu 80 wa kale wa pwani na wa mji mmoja wa bara, Kilwa na Songo Mnara zikiwamo. Ilionekana kwamba wengi wa watu wa miji ya pwani walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kutoka kwa Waafrika, hasa upande wa wanawake, na kwamba sehemu kubwa ya asili ya Asia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, kuchanganyika kukianza mnamo mwaka 1000. Habari ya Ushirazi, ambayo wengi waliidharau kuwa ni majivuno tu, ikapata kuungwa mkono na mifupa isiyosoma tarehe. Hata hivyo sehemu kubwa ya mifupa hiyo ilitoka pwani ya Kenya, nayo ni ya miaka 1250 hadi 1800. Kuifanya isemee Kilwa ya mwanzilishi ni kuipa kazi isiyo yake.

Liko na jambo la ukimya. Robert Rosenthal alieleza mwaka 1979 kwamba tafiti zisizopata matokeo hubaki katika mtoto wa meza, wala hazichapishwi. Hivyo anayekusanya zilizochapishwa hukusanya ushindi mtupu. Kilwa ukimya huo ni mnene. Waliosimuliwa ni walionunua kisiwa. Aliyekiuza hakuacha kitabu.

Mambo haya yana kazi hata leo katika shule za pwani hiyo hiyo. David Evans na Anna Popova walipolinganisha, mwaka 2016, mapitio sita ya tafiti za kuinua elimu katika nchi maskini, walikuta mahitimisho yao yametofautiana sana, na sababu kubwa ni kwamba kila pitio lilichagua tafiti zake. Ni Barros na Kitab al-Sulwa kwa kinyume: kule chanzo kimoja kilionekana kuwa vingi, huku vyanzo vingi vilihesabiwa kuwa elimu moja.

Mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014, ulihusu kwanza mikoa saba, nayo ni Dodoma, Kigoma, Lindi, Mara, Shinyanga, Simiyu na Tabora. Mtoto wa Kilwa Kivinje huingia darasa la kwanza akiwa na Kiswahili cha mamaye. Mwenzake wa Simiyu mara nyingi huja na Kisukuma, na wa Kigoma na Kiha. Na ndani ya Lindi yenyewe, mtu akiacha bahari na kupanda bara, hukuta Kimwera. Kusoma Kiswahili kwa mtoto wa kwanza ni kujua herufi. Kwa wale wengine ni kujua herufi na lugha pamoja. Namba moja ya mikoa saba haionyeshi hayo. Kwa hiyo anayeandaa jedwali la tafiti za Tanzania hapana budi aweke safu ya lugha ya nyumbani kabla hajaijumlisha Kivinje na Kigoma, na safu hiyo haiwezi kujazwa vizuri pasipo wataalamu wa lugha.