Koleo na Kisu: Chombo cha Kuchukua Safarini katika Nchi ya Mbinga na Pwani ya Nyasa

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Methali hii yafundisha bidii, nasi hatuna neno juu ya fundisho hilo. Lakini mtu akiishika kuwa ni amri ya kununua chombo bila kukitazama, atatupa fedha zake. Wenyeji wa milima ya Umatengo na wa pwani ya Ziwa Nyasa walikuwa wachaguzi wa vyombo tangu zamani, na uchaguzi huo haukuwapunguzia ukulima wala uvuvi.

Siku hizi vijana wengi waulizana juu ya chombo kile kidogo chenye koleo, kisu, bisibisi na tupa, vyote vikikunjwa ndani ya mipini miwili na kutiwa mfukoni. Bei yake si ndogo. Vile vilivyo bora vyaweza kumgharimu mwenye kipato cha kadiri sehemu kubwa ya mapato ya mwezi mzima. Basi swali lao ni moja: kipi kitakachodumu? Sisi twaona ya kuwa jibu la swali hili limo katika historia ya nchi hii yenyewe, na kwa hiyo twapenda kuieleza kwa ufupi.

Tuanze na mlima. Wamatengo walisukumwa na vita vya Wangoni katika karne ya kumi na tisa, wakakaa kwa wingi katika milima yenye mteremko mkali. Huko walilima kwa njia ya ngoro, nayo yalimwa hata leo. Nyasi hukatwa, hulazwa katika mistari ipitanayo kama nyavu, kisha udongo huchimbwa kati ya mistari na kufunikwa juu ya nyasi. Matuta huotesha maharagwe na mahindi, na mashimo huyazuia maji ya mvua yasichukue udongo. Kazi hii yote ilitaka vyombo viwili tu, yaani nyengo ya kukatia nyasi na jembe la kuchimbia. Mtu mwenye vyombo viwili tu huvitazama sana. Makali yakipotea katika majira ya kulima, hasara yake si ya siku moja bali ni ya chakula cha mwaka.

Chuma kilipatikana wapi? Upande wa kaskazini, ng'ambo ya Manda, katika milima ya Livingstone, waishi Wapangwa, nao walijua kuyeyusha mawe ya chuma tangu kale. Nchi hiyo ndiyo yenye mlima wa Liganga, unaojulikana leo kwa wingi wa chuma chake. Mfua chuma alikuwa na moto wake, mivukuto yake, nyundo, fuawe na koleo. Jembe alilolifua lilikuwa mali. Katika nchi nyingi za Tanganyika ya zamani majembe yalitolewa hata kuwa mahari.

Hapa twaomba msomaji aangalie jambo moja. Kisu na shoka vilitoka kiwandani kwa mfua chuma vikaenda na mwenyewe, shambani na porini. Koleo halikutoka. Lilibaki karibu na moto, kwa kuwa ndilo mkono wa mfua chuma, mkono usioungua. Mwenye kisu alikuwa na chombo, lakini uwezo wa kukitengeneza ulikuwa kwa mwingine. Kisu kikipinda alikirudisha motoni kikanyoshwa, na jembe likiliwa na mawe lilifuliwa tena hata likawa dogo, kisha likawa kisu. Kwa watu hao chombo imara hakikuwa kile kisichoharibika kamwe, maana hakuna chombo cha namna hiyo. Chombo imara kilikuwa kile kinachokubali kutengenezwa.

Fundisho hilo hilo lilionekana ziwani zilipokuja merikebu za moshi. Mto Shire una maporomoko, na kwa ajili hiyo hakuna merikebu kubwa iwezayo kupanda kutoka baharini hata Nyasa. Ilibidi kila moja iletwe vipande vipande. Stima ya Wajerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann ililetwa hivyo kwa njia ya Zambezi na Shire, ikaanza kazi ziwani mwaka wa 1893. Baadaye ikaja Chauncy Maples, stima ya misheni ya UMCA, iliyoundwa Glasgow mwaka wa 1899 na kufunguliwa kuwa vipande zaidi ya 3,000. Birika lake la mvuke lilitiwa magurudumu na kukokotwa nchi kavu na Wangoni wapatao 450. Mwaka wa 1901 ikashushwa majini. Merikebu hiyo ilifika Nyasa kwa sababu viungo vyake viliweza kufunguliwa na kufungwa tena.

Nazo zilihitaji mahali pa kutengenezwa. Wajerumani waliichagua bandari ya Liuli, ambayo waliita Sphinxhaven kwa sababu ya jabali lililoko pale, lifananalo na sanamu ya Sphinx ya Misri. Mwezi wa Agosti 1914 Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa juu pale Liuli ili itengenezwe. Stima ya Waingereza, Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, ikatokea na kupiga mzinga. Nahodha Berndt hakuwa na habari kwamba vita vimeanza, naye alijuana na Rhoades siku nyingi. Akashikwa, na stima yake ikafanywa isifae kwa kazi. Lakini Waingereza hawakutulia, kwa kuwa walijua kwamba stima iliyo karibu na karakana yaweza kufufuka. Mwezi wa Mei 1915 wakarudi Liuli kwa vita, ili isitengenezwe tena. Wenye vita wenyewe waliona ya kuwa nguvu ya chombo ni pamoja na mahali pake pa kutengenezwa.

Sasa na tuvuke bahari kidogo, tuone jinsi koleo lilivyotoka karakanani na kuingia mfukoni. Katika Uswisi, Karl Elsener alifungua kiwanda chake cha visu mwaka wa 1884. Jeshi la nchi hiyo lilikuwa limepata bunduki mpya ya mwaka wa 1889, ambayo askari hakuweza kuifungua bila bisibisi. Tena askari alikula chakula cha makopo. Kwa hiyo jeshi likataka kisu kimoja chenye ubavu wa kukatia, bisibisi, kifungulio cha kopo na msumari wa kutobolea. Visu vya kwanza viliagizwa Solingen katika Ujerumani, na mwaka wa 1891 Elsener akaanza kuvitoa vyake. Mwaka wa 1897 akaandikisha kisu cha maofisa, chepesi kuliko kile cha kwanza na chenye vyombo pande mbili za mpini. Lakini koleo kama lile la fundi, liwezalo kukaza nati, halikuwamo.

Lilikuja muda mrefu baadaye. Mwaka wa 1975 Mmarekani mmoja, Tim Leatherman, alisafiri Ulaya na mkewe kwa gari kuukuu la Fiat lililoharibika mara kwa mara. Alikuwa na kisu cha mfukoni, akakitumia kwa kila kazi, lakini kila mara alikosa koleo. Akaamua kuunda kisu chenye koleo ndani yake. Alidhani kazi ni ya mwezi mmoja, nayo ikamchukua miaka 3 kupata kielelezo cha kumridhisha. Mwaka wa 1980 akapata hati ya kulinda ubunifu wake, na mwaka wa 1983, pamoja na rafiki yake Steve Berliner, akaanzisha kampuni ya kukiuza. Tangu hapo viwanda vingi vimefanya vyombo vya namna hiyo, vingine vizuri na vingine vya kuiga tu.

Basi koleo limeacha moto na kufuata watu safarini. Faida yake ni kubwa, hasa katika nchi kama yetu. Mvuvi wa Mbamba Bay au Lituhi aliye ziwani wakati wa mwera, mashine yake ikigonga jiwe, pini ndogo ishikayo panga la majini hukatika. Mashine yanguruma lakini boti haiendi, na mawimbi yaisukuma kwenye majabali. Mwenye koleo na pini ya akiba huweza kuitoa ile iliyovunjika na kutia nyingine. Asiye navyo hana ila kasia na sala. Tena ndoana ikimpenya mtu kidole hata ncha ikatokea upande wa pili, koleo lenye meno ya kukatia huikata ile ncha yenye mwiba, na ndoana hurudi kwa njia iliyoingilia. Huko juu Mbinga, mkulima wa kahawa humenya buni siku ile ile ya kuzichuma, kwa maana zikilala huchacha na kuharibu ladha. Mashine ya mkono ikilegea nati saa ya magharibi, fundi yuko mbali, na mavuno yako hatarini.

Lakini ipo hasara ya kufikiri. Zamani aliyebeba kisu alijua njia ya kwenda kwa mfua chuma. Leo mtu aweza kubeba karakana nzima kiunoni, na siku itakapovunjika asipate mtu wa kuigusa. Dhamana ya kiwanda cha ng'ambo ni neno jema, lakini Mbinga ni mbali, na gharama ya kupeleka kifurushi yaweza kukaribia bei ya chombo. Kwa sababu hiyo twashauri kuchagua kwa kipimo cha wazee: je, chakubali kutengenezwa hapa?

Tazama kwanza kiungo cha koleo. Shika mpini mmoja, tikisa mwingine. Taya zikichezacheza kwenda pembeni, kiache, maana hakitapona kwa kutumiwa. Angalia kama viungo vimefungwa kwa ribiti au kwa parafujo. Ribiti ikilegea, ni shida kwa mtu asiye na karakana. Parafujo hukazwa, na vipande vyaweza kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta. Kwa mambo mengine yakiwa sawa, chagua chenye parafujo.

Kisha funga koleo na kuliinua kwenye mwanga. Ncha za taya zikutane bila upenyo. Bana kipande cha karatasi kwa ncha hizo na kukivuta, na kisiteleze. Meno ya kukatia waya ndiyo huharibika upesi kuliko vyote. Vipo vyombo ambavyo meno hayo hufunguliwa na kubadilishwa, na hivyo ni bora kwa mtu wa kazi nyingi.

Tatu, chuma chenyewe. Chuma kisichoshika kutu huwa na kromiamu isiyopungua sehemu 10 na nusu katika 100. Hata hivyo jina lake lisikudanganye, kwani hushika kutu kikiachwa na unyevu na uchafu. Wavuvi wa Nyasa wana heri kuliko wa baharini, kwa kuwa maji ya ziwa ni matamu na hayana chumvi ya kula chuma. Lakini magamba na damu ya samaki vikikauka ndani ya kiungo, hukiharibu. Kikaushe, kitie tone la mafuta, na kitadumu.

Nne, kisu chake kiwe na kifungio cha kukishika kisijikunje, maana kisu kinachofunga kwa ghafula hukata vidole vya mwenyewe. Tano, kamata koleo kwa nguvu kama unayekaza nati. Mipini ya vyombo vingine huumiza kiganja hata mtu akaacha kazi katikati. Sita, usivutwe na wingi wa vyombo vyake. Kila kipande ni kiungo kimoja zaidi cha kulegea na uzito zaidi wa kubeba. Wamatengo walilima milima kwa nyengo na jembe.

Wala hatusemi kwamba kila mtu anakihitaji. Afanyaye kazi nyumbani au karakanani atafaidiwa zaidi na koleo la kawaida, au plaizi kama mafundi waitavyo, pamoja na bisibisi na kisu mbalimbali. Koleo hilo lina mipini mirefu, lina nguvu zaidi, na bei yake ni ndogo. Chombo cha kukunja ni cha mtu wa safari: mvuvi, dereva, bwana shamba, mkulima mwenye shamba la mbali. Tena tusikichukue darasani, kwa kuwa kisu katikati ya watoto hakina kazi njema.

Basi, msomaji, kabla hujatoa fedha zako, chukua chombo unachokitamani mpaka kwa fundi unayemwamini, awe wa baiskeli au wa mashine. Mwulize swali moja tu: "Kikilegea, utaweza kukifungua?" Akikigeuza mkononi na kukuonyesha mahali atakapotia bisibisi, kinunue. Akikurudishia akitikisa kichwa, mshukuru na kutafuta kingine.